SOMO: Kunasa mfululizo wa matukio papo hapo kwa Flink na Kafka

Kafka ni mfumo unaobeba mikondo ya matukio, na Flink ni injini inayoyachakata yanapofika. CEP ni maktaba ya Flink ya kutafuta ruwaza, yaani matukio yanayofuatana kwa mpangilio fulani. Swali la "programu inakimbia, hakuna kosa, mbona haitoi kitu?" limeulizwa mno. Jibu liko hatua ya 4.

Mfano wetu ni pesa za simu: akaunti imekosea PIN mara 3 mfululizo, kisha ikatoa zaidi ya 500,000, yote ndani ya dakika 10.

1. Funga flink-cep (ndiyo maktaba ya CEP) ndani ya jar yako, yaani faili la programu yako ya Java.

2. Soma Kafka kwa KafkaSource, kisomaji cha Flink. Darasa la tukio liwe na equals() na hashCode() sahihi.

3. keyBy (kugawa matukio kwa ufunguo) kwa namba ya akaunti. Bila hiyo ruwaza yote inachakatwa na kazi moja, hata ukiwa na mashine kumi.

4. Watamaki. Hii ndiyo saa inayosema "matukio ya hadi muda huu yameshafika". CEP huyapanga matukio kwa muda yalipotokea, na haiyachakati mpaka watamaki iyapite. Ruhusu uchelewaji kwa forBoundedOutOfOrderness(Duration.ofSeconds(5)). Sasa angalia: saa hufuata patisheni (kipande cha mkondo wa Kafka) iliyo nyuma kuliko zote. Moja ikiwa tupu, saa yote inasimama. Data inaingia, hali (kumbukumbu ya matukio yanayosubiri) inavimba, logi ni safi, na hakuna tahadhari hata moja. Wasomaji 12 kwa patisheni 8 huleta balaa hilohilo, kwa sababu wanne hawana cha kusoma. Ongeza withIdleness(Duration.ofMinutes(1)), ili patisheni iliyo kimya dakika moja isisubiriwe. USIIFUPISHE MNO: patisheni ikizinduka na matukio ya nyuma, CEP itayatupa bila kukuambia. Yatoe pembeni kwa sideOutputLateData uyahesabu. Na jueni kwamba matukio ya mwisho hubaki ndani mpaka mapya yaje kuisukuma saa.

5. Ruwaza: begin kwa PIN mbaya, times(3).consecutive(), followedBy utoaji (mengine yanaweza kupita katikati), within dakika 10. Usitumie next (lifuate moja kwa moja), maana PIN sahihi lazima ipite kabla ya utoaji. Chuja mkondo kwanza: ukiweka consecutive, hata kuangalia salio kunavunja mfululizo.

6. Chekipointi (nakala ya hali ya kurudia programu ikianguka) kila sekunde 60, hali iwekwe RocksDB, hifadhi inayotumia diski.

Maswali yaliyoulizwa:

Kipanga: Mkuu, nimetuma matukio manne kwa mkono, kimya. Flink mbovu?

Jibu: Hatua ya 4, sentensi ya mwisho. Tuma la tano lenye muda wa mbele.

Kipanga: Nilisoma harakaharaka.

Jibu: Rudia taratibu.

Tandabui: Shikamoo mkuu. Naweza kunasa kisichotokea? Mteja ameweka pesa, uthibitisho haujaja ndani ya sekunde 30.

Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Kuanzia Flink 1.16 ruwaza inaweza kuishia na notFollowedBy (lisifuatiwe na) ikiwa ina within. Toleo la zamani zaidi, tumia TimedOutPartialMatchHandler: uthibitisho uwe hatua ya pili, kisha uchukue zilizoishiwa muda. Tahadhari itatoka saa ikipita sekunde 30, pamoja na zile 5 za kusubiri.

Tandabui: Asante. Akikosea PIN mara 5 napata tahadhari tatu kwa utoaji mmoja.

Jibu: Ni 1–3, 2–4 na 3–5, kila moja ni ruwaza kamili. Weka AfterMatchSkipStrategy.skipPastLastEvent(), utabaki na moja.

Mwanamaji: Nikiweka ufunguo kwa namba ya wakala?

Jibu: Wakala mwenye wateja wengi atalemea kazi moja huku nyingine zikikaa bure, na PIN za wateja tofauti zitachanganyika. Baki na akaunti.