Mtamba wa nyama apandwe lini? Anza kuhesabu kutoka kwenye mvua

Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kalenda ya mtamba (ng'ombe jike ambaye bado hajazaa) ianzie hapo. Ng'ombe hubeba mimba siku 283 hivi; Boran na zebu, ng'ombe wa nundu, huweza kuzidisha kidogo. Mtamba akishika mimba Machi 1, atazaa karibu na Desemba 9, majani yakianza kuchipua. Akishika Septemba atazaa Juni, na kiangazi kizima atanyonyesha huku mwenyewe bado anakua.

Mimba ya kwanza haisumbui sana. Ya pili ndiyo kazi. Aliyezaa mara ya kwanza huchelewa kurudi kwenye joto, yaani kutaka dume tena, mara nyingi miezi mitatu au zaidi, wakati ili azae kila mwaka anatakiwa kushika tena ndani ya siku 80 hivi. Kwa hiyo mtangulize: ng'ombe wakubwa wakianza kupandwa Machi 20, mitamba waanze Machi 1. Dume akae nao siku 45, basi. Joto hurudi kila siku 21 hivi, kwa hiyo kila mmoja anapata nafasi mbili. Asiyeshika, muuze angali amenona.

Usiangalie umri, angalia uzito. Mtamba apandwe akifikisha asilimia 65 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa aina yake: kama mama zao wana kilo 400, yeye awe na 260. Tepe ya kupimia kifua inatosha kukadiria uzito huo.

Tatizo kubwa ni madume ya jirani. Kwenye malisho ya pamoja kalenda yako haina maana kama kila zizi lina dume asiyehasiwa, kwa hiyo wachungaji wakubaliane, na mitamba wachungwe kundi lao. Dume wenu achaguliwe kwa historia ya kuzalisha ndama wadogo. Kumpandisha mtamba wa zebu kwa dume mkubwa wa Simmental, aina ya Ulaya yenye mwili mkubwa, ni kumwita daktari wa upasuaji mapema.

Oktoba na Novemba mtamba mwenye mimba apate mashudu ya alizeti juu ya mabua. Wapo wanaomnyima chakula ili ndama awe mdogo. Wanachopata ni mama asiye na nguvu ya kusukuma.

Siku ya kuzaa, ukishaona mfuko wa maji, mwache kwa utulivu lakini usiondoke. Kwato mbili zitangulie, nyayo zikitazama chini, na pua juu yake. Nyayo zikitazama juu, huenda hiyo ni miguu ya nyuma. Saa moja ikipita bila hatua yoyote, mpigie afisa mifugo. Ukilazimika kuvuta, vuta mama anaposukuma, kuelekea chini kwenye kwato zake, na akipumzika nawe pumzika.