Kumsomea rubani upepo kwenye kiwanja kidogo (someni hapa kabla ya kunipigia)

Assalaam alaykum. Wiki hii nimeulizwa jambo moja mara nne, tena na watu wa hapa hapa Pemba: vipi kupima upepo wa kiwanjani na kumwambia rubani redioni kabla hajatua. Naandika mara moja tu.

1. Mfuko wa upepo (ule wa kitambaa ulio juu ya nguzo, upepo huingia mdomoni na kuunyoosha) uonekane toka juu. Urefu usipungue mita 3.6, upana wa mdomo sentimita 90.

2. Kipima upepo kikae juu ya nguzo ya mita 10, mbali na miti mara kumi ya urefu wake. Mnazi wa mita 20, basi mita 200.

3. Upande. Hapa ndipo nilipovurunda. Ilikuwa msimu wa kaskazi, mkia wa mfuko umeelekea kusini-magharibi, nami nikamwambia rubani "mbili moja sufuri", yaani digrii 210 za dira. Akaja na upepo ukimsukuma mgongoni, ndege ikapita nusu ya njia ya kutulia haijagusa chini, akapaa tena. Aliyonambia redioni siyaandiki. Upepo hutajwa kwa unakotoka! Babu yangu nahodha asingekosea: kaskazi huitwa kaskazi kwa kuwa imetoka kaskazini. Tazama mdomo wa mfuko, ndipo usome dira. Ukisoma mkia umekosea digrii 180.

4. Kasi ni wastani wa dakika mbili, kwa noti (maili za baharini kwa saa). Ukivuma kwa ghafla ukauzidi wastani kwa noti 10, sema.

5. Mvua na mawingu, taja uliyoyaona wewe.

MASWALI

Wa Konde: Mie naangalia kwenye simu. Si inatosha?
— Haitoshi. Simu inakupa makisio ya eneo zima.
Wa Konde: Lakini hukaribiana.
— Basi katue wewe.

Bi wa Mkoani: Mwalimu, mbona asubuhi mfuko umelala, adhuhuri unasimama?
— Ahsante dada, hili ndilo swali. Jua hupasha nchi kavu upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu ikipanda, ya baharini huingia kushika pahala pake. Usiku hugeuka, ndio ule umande wa wavuvi. Kwa hiyo rubani wa saa saba mchana usimpe kipimo cha saa moja asubuhi.

Wa Wete: Mfuko wetu huchanika kila kusi. Na mvua ikinyesha haunyanyuki.
— Ukiloa huwa mzito, hudanganya. Mwambie rubani umeloa. Vikombe vya kipima upepo navyo vioshe kwa maji yasiyo ya bahari, chumvi huvikwamisha.
Wa Wete: Fundi wa matanga ataweza kuushona?
— Ataweza. Wetu alishona yeye, ila mdomo aliukata mpana kama pakacha. Mpelekee vipimo umeviandika.