Somo: Namna wanawake wa Kiyahudi wanaojitolea wanavyowashawishi wabunge wa Illinois

Ndugu wanachama,

Somo hili linahusu National Council of Jewish Women, baraza la wanawake wa Kiyahudi wa Marekani lililoanzishwa Chicago mwaka 1893. Nimechagua kueleza kazi hiyo kwa taratibu za bunge la jimbo la Illinois, kwa sababu huko ndiko baraza lilikozaliwa, na kwa sababu bunge hilo humwachia mwananchi wa kawaida nafasi nyingi kuliko anavyodhani. Mwanzilishi wa baraza, Hannah Greenebaum Solomon, alitakiwa kuandaa ushiriki wa wanawake wa Kiyahudi katika mkutano wa dini uliokwenda sambamba na Maonesho ya Dunia ya mwaka huo. Wanaume waliokuwa wakipanga ratiba ya Wayahudi walipowaachia wanawake kazi ya kupokea wageni tu, alijitoa, akaitisha kongamano la wanawake wenyewe mwezi Septemba, na baraza likaundwa humo. Miaka sita baadaye Illinois ilipitisha sheria iliyounda mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani, sheria iliyosukumwa sana na Chicago Woman's Club, chama ambacho Solomon alikuwa mwanachama wake tangu 1877.

Hatua ya kwanza: kuujua mpaka

Baraza hili ni taasisi ya hisani isiyotozwa kodi ya mapato, na tangu 1954 sheria ya Marekani inazikataza taasisi za aina hiyo kumpigia debe au kumpinga mgombea yeyote. Kuzungumzia muswada, hata hivyo, kunaruhusiwa kwa kiasi. Kwa utaratibu uliowekwa 1976, taasisi inayouchagua inaweza kutumia katika ushawishi hadi asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake, kisha kiwango kinapungua, na ukomo wa juu ni dola milioni moja kwa mwaka. Kinachopimwa hapo ni fedha. Saa za mwanamke anayejitolea bila malipo hazihesabiwi, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo nguvu halisi ya vyama vya namna hii: mfuko una kikomo, lakini idadi ya wanaojitolea haina.

Hatua ya pili: kuchagua muswada mmoja na kujua ulipo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami nitaikalia kidogo. Illinois ina wawakilishi 118 na maseneta 59. Muswada sharti usomwe katika siku tatu tofauti kwenye kila chombo, na ili upite unahitaji kura 60 za wawakilishi na 30 za maseneta. Kabla ya kufika huko, hata hivyo, lazima upangiwe kamati, na miswada mingi hufia katika Kamati ya Kanuni ya wawakilishi, au katika kamati ya Seneti inayogawa kazi, bila mtu yeyote kuipigia kura ya hapana. Kwa hiyo anayemwendea mbunge wake na kumwambia "piga kura ya ndiyo" wakati muswada bado umelala katika Kamati ya Kanuni amemwomba kitu ambacho mbunge huyo hawezi kukitoa siku hiyo.

Ombi hubadilika kufuatana na mahali muswada ulipo. Ukiwa haujapangiwa kamati, wanaoombwa ni viongozi wa bunge, na mbunge wako anaombwa ajiandikishe kuwa mdhamini mwenza ili uonekane una watu. Ukiwa kamatini, wanaotafutwa ni wajumbe wa kamati hiyo, hasa wale ambao wapiga kura wao wamo katika kundi lenu. Ukishapita pande zote mbili, mlango unaobaki ni wa gavana, ambaye ana siku 60 tangu anapokabidhiwa kuutia saini au kuukataa. Kalenda nayo ina lake: muswada unaopitishwa baada ya tarehe 31 Mei na unaotakiwa kuanza kutumika kabla ya Juni ya mwaka unaofuata unahitaji theluthi... la, si theluthi mbili kama wengi wanavyofikiri, bali tatu ya tano ya kura. Kwa sababu hiyo kazi hufanywa wakati wa baridi ya huko, Januari na Februari, si Mei.

Hatua ya tatu: fomu ya shahidi

Kabla ya kamati kukaa, mtu yeyote anaweza kujaza fomu ya shahidi kwenye tovuti ya bunge la Illinois. Anaandika jina, taasisi anayoiwakilisha ikiwa ipo, na msimamo wake: anaunga mkono, anapinga, au hana upande. Kisha anachagua kama atazungumza, atawasilisha maandishi, au anataka tu ijulikane kwamba amejitokeza. Ni kazi ya dakika chache ambayo mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kuifanya akiwa nyumbani, na wajumbe wa kamati huona ni wangapi wako upande upi.

Hatua ya nne: karatasi na timu

Watu wanne wanatosha: mmoja wa kufungua mazungumzo, mmoja wa kueleza jambo lililompata, mmoja wa kuuliza, na mmoja wa kuandika majibu. Karatasi ya kumwachia mbunge iwe ya ukurasa mmoja, namba ya muswada ikiwa juu kabisa.

Tuchukue mfano wa kodi ya taulo za kike, ambayo Illinois iliifuta kwa sheria iliyotiwa saini Agosti 2016 na Gavana Bruce Rauner na kuanza kutumika Januari 2017. Kodi ya mauzo ya jimbo ilikuwa asilimia 6.25. Ukiweka mezani stakabadhi ya boksi la dola 8, mstari wa kodi unasomeka angalau senti 50, na mbunge anauona kwa macho yake. Stakabadhi hiyo inafanya kazi kuliko kurasa tatu za hoja.

Hatua ya tano: siku ya Springfield

Treni kutoka Chicago hadi Springfield, mji mkuu wa Illinois, huchukua zaidi ya saa tatu. Nisingepanga safari siku ya Ijumaa, maana Sabato huanza jua linapozama. Mbunge asipokuwa ofisini, zungumzeni na msaidizi wake kwa uzito uleule. Mara nyingi yeye ndiye atakayeandika muhtasari. Ikiwa bunge liko kwenye kikao, pandeni ghorofa ya tatu, nje ya kumbi, ambako washawishi husimama kwenye uzio chini ya kuba na kumpa bawabu kikaratasi cha kumwita mbunge atoke. Akitoka mna dakika mbili au tatu. Ulizeni swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha nyamazeni mpaka ajibu.

Hatua ya sita: kurudi

Barua ya shukrani ipelekwe wiki hiyohiyo, hata kwa aliyekataa. Baada ya kura, linganisheni alichoahidi na alivyopiga.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nakuru: Je, wanawake hawa wanasema kwa niaba ya Wayahudi wote?

Hapana, na hawapaswi kudai hivyo. Baraza linatetea haki ya kutoa mimba, likitegemea mafundisho ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwamba uhai wa mama hutangulia hadi mtoto anapozaliwa, na tangu 2021 limekuwa likiandaa Sabato maalumu kuhusu jambo hilo. Agudath Israel of America, jumuiya ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, yaani wanaoshika sana sheria za dini yao, ina washawishi wake, na wao hutetea sana fedha za umma kwa shule za dini, jambo ambalo baraza linalipinga. Mbunge mzoefu anawafahamu wote wawili, kwa hiyo jitambulisheni kwa jina la chama chenu.

Mwanachama anayeishi Illinois, mzaliwa wa Bukavu: Mimi ni mkimbizi, bado si raia. Naweza kwenda?

Unaweza. Haki ya kupeleka malalamiko serikalini, iliyomo katika marekebisho ya kwanza ya katiba ya 1791, imetajwa kuwa ya watu, haikuwekewa sharti la kuwa mpiga kura, na mbunge anawakilisha wakazi wote wa eneo lake. Sema unaishi mtaa gani. Usijitambulishe kamwe kuwa mpiga kura.

Mwanachama wa Mwanza: Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa hoja kwamba bei hazikushuka. Mbinu hizi zingesaidia nini?

Tofauti kubwa iko kwenye namna kodi inavyotozwa. Illinois huongeza kodi ya mauzo mwishoni, pale kaunta, hivyo ikifutwa mnunuzi anaiona imetoweka kwenye stakabadhi. VAT imo ndani ya bei ya rafuni, na muuzaji wa bidhaa iliyosamehewa kodi hawezi kudai VAT aliyolipa kwenye gharama zake, kwa hiyo msamaha unaweza kuishia njiani. Kundi la kujitolea lingeanza kukusanya bei za maduka yaleyale kabla ya msamaha kuanza na kuendelea kila mwezi baada yake, ili hoja ya bei itakapofika bungeni wawe na daftari la kujibia, na lingeomba tangu mwanzo kiwango cha sifuri badala ya msamaha, kwa kuwa kiwango hicho humruhusu muuzaji kurejeshewa kodi aliyolipa.