Kumwagilia Mboga kwa Mifereji Bila Kupoteza Maji

Mkulima wa nyanya au bamia katika bonde la Ruvu, wilayani Bagamoyo, anayevuta maji kwa pampu, hulipia mafuta ya kila lita inayoingia shambani, pamoja na ile inayozama chini kupita mizizi. Katika umwagiliaji wa mifereji, maji mengi hupotea kwa njia hiyo, kwa sababu mwanzo wa mfereji huendelea kunywa muda wote ambao mwisho wake unasubiri. Jambo la kushughulikia kwanza, basi, ni kuyafikisha maji mwisho mapema.

Urefu wa mfereji hufuata udongo. Kwenye kichanga usizidi mita 30 hadi 45, ilhali mfinyanzi unaweza kuvumilia mita 100. Mteremko wa sentimita 5 hadi 50 kwa kila mita 100 unafaa, na hauwezi kukadiriwa kwa macho. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kama ule wa mafundi ujenzi, uliojazwa maji na kuondolewa mapovu yote, kisha linganisha kimo cha maji kutoka ardhini kwenye vigingi viwili. Mfereji wa mita 30 ukishuka sentimita 9 umekaa vizuri. Mabonde madogo yaliyo katikati yafukiwe kabla ya kupanda, maana maji yatakayotuama hapo yataozesha mizizi.

Badala ya kubomoa ukingo wa mfereji mkuu kwa jembe kila zamu, pitisha vipande viwili vya bomba la plastiki kwa kila mfereji wa shamba. Chimba shimo chini ya bomba, weka ndoo ya lita 20, na uhesabu sekunde. Tuseme bomba zote mbili kwa pamoja zinajaza ndoo kwa sekunde 40, yaani nusu lita kwa sekunde. Mfereji wa mita 30, wenye matuta yaliyoachana sentimita 80, unahudumia mita za mraba 24. Ukitaka kina cha milimita 30 za maji, unahitaji lita 720, ambazo kwa kasi hiyo ni dakika 24. Maji yanatakiwa yawe yamefika mwisho katika robo ya muda huo, kama dakika 6. Yakichelewa, ongeza maji mradi yasichukue udongo, au ukate mfereji vipande viwili. Yakifika, ziba bomba moja na urefushe muda ili kiasi kilichopangwa kitimie. Hatua hii ndogo hupunguza sana maji yanayomwagika mwishoni, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Siku inayofuata, chomeka nondo nyembamba mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mfereji. Katika udongo usio na mawe huzama kwa urahisi palipolowa na kukwama palipo pakavu. Mizizi mingi ya vitunguu na mchicha iko katika sentimita 30 za juu. Nondo ikizama sentimita 70 mwanzoni na 20 mwishoni, mfereji ni mrefu mno au maji yanaingia polepole mno.

Kwenye udongo wa tifutifu au mfinyanzi unaweza kumwagilia mfereji mmoja na kuruka unaofuata, kisha kubadilisha zamu ijayo. Kichangani utaratibu huo haufai, kwa kuwa maji hushuka chini kabla hayajaenea pembeni.

Tahadhari zaidi inahitajika karibu na pwani, penye chumvi ardhini. Maji yanapopanda kwenye tuta huibeba chumvi na kuiacha kileleni, na mfereji mmoja ukiachwa mkavu, chumvi husukumwa upande huo. Hapo mwagilia mifereji yote miwili, na miche uipande begani mwa tuta, juu kidogo ya mstari ambao maji hufikia, badala ya kileleni.