Mambo ya kuzingatia bustanini kabla ya kiangazi chenye mvua zisizotabirika

Mvua za kiangazi hazina ratiba. Jua linaweza kuwaka wiki tatu mfululizo, halafu usiku mmoja ikanyesha hadi matuta yakasombwa. Mvua huwezi kuipanga, ila udongo, mifereji na maji ya akiba viko mikononi mwako. Vishughulikie sasa, miche ikiwa bado midogo.

Matandazo kwanza. Tumia majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 8, na yasiguse shina. Yaweke udongo ukiwa tayari una unyevu. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, manyunyu yote yataishia kwenye majani na mizizi isipate kitu.

Changanya mboji kwenye udongo. Wa kichanga utashika maji, wa mfinyanzi utayapitisha. Hilo halina mjadala.

Maji ya paa yakinge. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata milimita 10 linateremsha karibu lita 500, na pipa lako la lita 200 litafurika mvua ikiwa bado inaendelea. Amua mapema maji ya ziada yatapita wapi, mbali na matuta na mbali na msingi wa nyumba. Lifunike pipa kwa wavu wenye matundu madogo, la sivyo unafuga mbu.

Uwe na kipimamvua. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha. Liweke mahali pa wazi. Mboga nyingi zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki, na kishindo cha mvua juu ya bati hakikuambii zimenyesha ngapi.

Sasa hili naomba ulisome polepole. Kabla hujamwagilia mmea ulionyauka, chimba. Nina jirani aliyekuwa na pilipili hoho nzuri kuliko za kwetu sote. Ikanyesha mvua siku kadhaa bila kukatika, kisha likatoka jua kali. Mchana majani yakalegea, yakaning'inia. Yeye akaona kiu, akamwagilia. Jioni yamelegea vilevile, akamwagilia tena. Aliendelea hivyo asubuhi na jioni, kwa moyo wote, na kila siku hali ilizidi kuwa mbaya. Tulipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inachunika ukiishika, na udongo unanuka kama yai viza. Mizizi inahitaji hewa. Maji yakijaa kwenye nafasi zote za udongo hewa inakosekana, mizizi inaanza kufa na haiwezi tena kunyonya maji, hivyo majani yananyauka huku mmea umesimama kwenye maji. Kwa macho, mmea uliozama na mmea wenye kiu ni kitu kilekile. Zile pilipili zote zilikufa, na mwenyewe alikuwa akizihudumia mara mbili kwa siku. Iliniuma sana kuona.

Basi chomeka kidole hadi kiishe, au chimba kwa kijiko cha bustani sentimita 10 hadi 15. Pakiwa pakavu, mwagilia taratibu hadi maji yafike chini. Pakiwa tepetepe, acha maji, sogeza matandazo pembeni udongo upumue, fungua mfereji. Fanya hivyo hata baada ya mvua kubwa, kwa sababu udongo uliokauka kupita kiasi husukuma maji pembeni: juu unaona tope, chini ni vumbi. Na kama bustani yako iko bondeni, inua matuta sentimita 20 au zaidi kabla ya kupanda. Kuinua tuta lenye mimea ni kukata mizizi.

Nyanya zina lao. Zikikaa na kiu kisha zikapata maji mengi ghafla, hupasuka. Kiu na maji vikipishana hovyo, madini ya kalisi hayafiki vizuri kwenye tunda na kitako kinakuwa cheusi. Watu hukimbilia dawa wakati kinachotakiwa ni umwagiliaji wa mpangilio. Zifunge kwenye miti mapema na uache nafasi kati ya mche na mche ili majani yakauke haraka, maana ukungu hupenda majani yanayolala na maji. Tunda lililoanza kuiva lichume ukiona wingu zito.

Mbolea usiimwage mvua kubwa ikiwa njiani, itasombwa. Usikanyage matuta yaliyolowa, udongo utashindiliwa. Mwagilia asubuhi. Kagua mifereji kabla ya kila mvua, ondoa takataka, angalia kama miti ya kuegemeza bado imara, na mbegu kidogo za akiba uziweke mahali pakavu, kwa kuwa kuna mvua ambayo itakushinda hata ukijiandaa vipi.