Jinsi ya kuendelea kucheza dramu kori ukiwa mtu mzima

Ukifikisha miaka 22, kori za vijana zilizo chini ya Drum Corps International (DCI) nchini Marekani hukufungia mlango, hata kama midomo yako ndiyo kwanza imekomaa. Hapo wengi huuza tarumbeta. Hawana haja, kwa sababu zipo kori za rika zote, ambako mwanafunzi wa sekondari na babu aliyestaafu huvaa sare moja na kusimama mstari mmoja. Kwa miongo mingi zilishindana chini ya Drum Corps Associates (DCA), ambayo ubingwa wake wa kwanza, mwaka 1965, ulichukuliwa na Reading Buccaneers wa Pennsylvania. Tangu msimu wa 2024 zimeingia DCI kama daraja la rika zote.

Kwa asiyeijua, dramu kori ni bendi ya gwaride yenye vyombo vya shaba, ngoma na kikosi cha bendera. Saksafoni, klarineti na filimbi hazimo. Onyesho huchezwa kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani kwa dakika kama 10 hadi 12, kila hatua imepangwa na kila noti iko kichwani.

Kijana wa DCI hulala na kuamka na kori yake msimu mzima wa kiangazi. Wewe una wikiendi. Wikiendi haitoshi kujenga pumzi, midomo na magoti, inatosha tu kuwaunganisha watu ambao tayari wamejiandaa. Kazi yenyewe ni ya Jumatatu hadi Ijumaa.

Kuchagua kori

Anza na kalenda, jina lije baadaye. Hawthorne Caballeros wa New Jersey wapo tangu 1946 na Govenaires wa St. Peter, Minnesota, tangu 1927. Historia hiyo ni tamu, lakini haitakusaidia kama unakaa saa saba kwa gari kutoka uwanja wa mazoezi. Kambi huanza majira ya baridi, kwa kawaida wikiendi moja kwa mwezi, kisha huongezeka kadiri kiangazi kinavyokaribia. Omba ratiba yote kabla ya kujaribiwa, iweke mezani pamoja na ratiba ya kazi na ya nyumbani, kisha hesabu wikiendi utakazokosa. Ukikosa kambi mbili za kujifunza mpangilio wa uwanjani, umeacha tundu ambalo wenzako wanalikwepa kila wanapopita.

Uliza pia ada inalipia nini. Je, sare, chakula na basi vimo? Chombo ni cha kori au unakuja na chako? Kontra, yaani tuba kubwa inayobebwa begani, na ngoma kwa kawaida ni mali ya kori. Kidomo, yaani kile kipande cha kupulizia, njoo na chako.

Walioko Ulaya wasijione wameachwa. Kidsgrove Scouts wa Uingereza na Jubal wa Dordrecht, Uholanzi, ni kori za siku nyingi, na huko mtu mzima uwanjani si ajabu. Na kama msimu mzima haukuwezekani, DCI ina SoundSport: kundi dogo, onyesho fupi, vyombo vyovyote, hakuna ukomo wa umri, na waamuzi hutoa dhahabu, fedha au shaba badala ya kupanga washindi kwa alama.

Kwa aliyelelewa kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu, na Kenya inao wengi, kuna jambo la kushughulikia mapema. Kwenye bendi zile karibu kila mtu husoma ufunguo wa G, hata mwenye besi. Kori za Marekani huandika baritoni na kontra kwa ufunguo wa F. Mpiga baritoni aombe nakala ya ufunguo wa G, mara nyingi ipo. Mpiga besi ni bora ajifunze ufunguo wa F miezi mitatu kabla. Aliyekuwa na koneti anaingia kwenye tarumbeta bila shida, na mwenye honi ya tenori anahamia melofoni, honi ya gwaride inayoelekea mbele, kwa vidole vilevile, ingawa sauti inatoka juu zaidi kuliko alivyozoea.

Mwili

Hesabu ndogo inatosha kukuamsha. Hatua ya kawaida ni 8 kwa kila yadi 5, yaani sentimita 57. Kwa mapigo 180 kwa dakika, unakwenda mita 103 kila dakika, zaidi ya kilomita 6 kwa saa, mara mbele, mara kinyumenyume, mara ubavu, kifua kikielekea jukwaani muda wote na chombo kikiwa mdomoni. Kontra ina kilo 10 hadi 15. Ngoma za tenori, yaani ngoma kadhaa zilizounganishwa na kubebwa na mtu mmoja, pamoja na mkanda wake wa kubebea ni mzigo wa kiasi hichohicho, nao unavuta kiuno mbele.

Anza wiki 8 kabla ya kambi ya kwanza ya kutwa nzima. Siku tatu kwa wiki, washa metronomu ya simu na utembee dakika 25 kwa mapigo 120. Kila wiki ongeza mapigo 8 hadi ufike 176. Katika dakika 10 za mwisho beba chombo, au kitu chenye uzito wake, kwa mkao wa kupulizia. Siku mbili nyingine ni za nguvu: kupanda kwa vidole vya miguu mara 15 kwa seti 3, kuinua nyayo kisigino kikiwa chini mara 20 kwa seti 3, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 40 kwa seti 3.

Zoezi la nyayo ndilo watu wanaloliruka, na ndilo linaloamua. Kwenda mbele hutaka kisigino kitangulie huku vidole vimeinuliwa, kisha unyayo ubingirike hadi mbele. Msuli wa mbele ya muundi haujazoea kazi hiyo. Usipoandaliwa, Jumamosi jioni muundi unauma, Jumapili unachechemea. Tena mazoezi mengi hufanyika kwenye maegesho ya lami, kwa hiyo njoo na viatu vya kukimbilia ambavyo soli haijalala. Vile vyeusi vya onyesho vibaki kwenye begi.

Jua la Julai lina mambo yake. Beba chupa ya lita 4, lakini usinywe maji matupu kutwa nzima: ukitokwa jasho sana bila kurudisha chumvi, kichwa huuma, kichefuchefu huingia, na hali inaweza kuwa mbaya kweli. Kula kitu chenye chumvi kila mapumziko. Mkojo uwe wa njano hafifu. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni usivimeze ukiwa umekaukiwa maji, kwa sababu vinaweza kuumiza figo. Mwenye presha au sukari amwone daktari wake kabla ya Mei na amweleze hasa atakachofanya. Akisema “nacheza bendi” tu, daktari atadhani anakaa kwenye kiti.

Wapiga ngoma wasijadili suala la masikio. Wataalamu wa usalama kazini Marekani huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa kikomo, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15, na mstari wa ngoma za snea hupita hapo bila taabu. Nunua vizibo vya wanamuziki vyenye kichujio cha desibeli 15. Vile vya sponji hukata sauti za juu na utashindwa kuwasikia wenzako.

Midomo, mikono na kichwa

Kwa mpulizaji, dakika 40 kila siku zinashinda saa tatu za Alhamisi usiku. Pumua dakika 5: vuta kwa mapigo 4 na toa kwa 8, kisha vuta kwa 1 na toa kwa 12, huku unachapa mguu palepale. Dakika 10 za noti ndefu kwa sauti ya chini. Dakika 10 za kuteleza kutoka noti hadi noti bila kugusa pistoni. Zinazobaki ni za muziki wa onyesho.

Kosa la watu wazima linajulikana: wiki nzima chombo kiko kwenye kasha, Jumamosi asubuhi mtu anapuliza kwa nguvu zote kwa furaha ya kuwaona wenzake. Midomo huvimba, na Jumapili mchana noti za juu hazitoki, anabaki kukandamiza kidomo kwenye meno. Asubuhi ya kwanza cheza nusu ya sauti na pumzika muda uleule uliopuliza. Mwalimu mzuri hatakugombeza.

Mpiga ngoma anahitaji padi ya mpira na metronomu tu. Mapigo 8 kwa kila mkono, mkazo na mguso, mapigo mawilimawili, na miguu ikichapa wakati wote. Ukipiga umekaa, mikono itajua na miguu itakuangusha.

Kukariri, gawa muziki vipande vya hatua 8 na uanze na kipande cha mwisho, ukirudi nyuma. Hivyo unakwenda kila mara kutoka usichokijua vizuri kuingia unachokijua. Imba kipande huku unachapa mguu, baadaye vidole, chombo mwishoni.

Kusoma nafasi yako uwanjani

Utapewa karatasi au programu ya simu yenye nafasi zako zote. Mfano: “Upande wa 1, hatua 2 nje ya yadi 40, hatua 6 mbele ya hashi ya mbele.” Maana yake simama upande wa kushoto wa mtazamaji, umbali wa mita 1.14 kutoka mstari wa yadi 40 ukielekea mbali na katikati, na mita 3.43 kutoka alama ya hashi ukielekea jukwaani. Hashi ni safu mbili za alama fupi zinazopita uwanja kwa urefu, moja mbele na moja nyuma. Kabla ya yote uliza ni hashi za aina gani. Za viwanja vya sekondari ziko hatua 28 hivi kutoka mstari wa pembeni, za vyuo hatua 32. Ukichanganya, umekosea zaidi ya mita 2 na mstari mzima umepinda.

Halafu tafuta ukubwa wa hatua. Ukitoka yadi 40 kwenda yadi 50 kwa mapigo 12, hizo ni sentimita 914. Gawa kwa 12, unapata 76 kwa hatua, kubwa kuliko ya kawaida kwa karibu sentimita 20. Pigo la 6 lazima likukute juu ya yadi 45 kamili. Andika nukta hiyo ya katikati kwa kila mwendo. Anayejua mwanzo na mwisho tu hukimbia hatua 4 za mwisho, na hapo ndipo chombo kinaporukaruka na sauti kutetemeka.

Fanya kazi hii mezani kabla ya kambi. Ukikosa kambi, omba video iliyopigwa kutoka juu ya jukwaa, jitafute ndani yake, na utembee mwendo wako kwenye uwanja wowote wenye nyasi, ukiweka chupa za maji pale palipo na mistari ya yadi. Mwambie pia kiongozi wa mstari wako mapema kwamba hutakuwepo, ili aweke mtu au alama kwenye nafasi yako.