Kibao cha tritiamu kikivunjika wakati wa ubomoaji: la kufanya

Vibao vingi vya njia ya kutokea ninavyofunga hapa Nakuru ni vya umeme na betri. Ila ukiwa unabomoa jengo, ukikuta kinachong'aa gizani bila waya wala betri, weka nyundo chini kwanza.

1. Kitambue. Soma lebo: alama ya mionzi yenye mapanga matatu, H-3 au neno TRITIUM. Ndani mna mirija ya kioo iliyojaa gesi ya tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi. Kibao kipya kinaweza kuwa na kiuri 25 (kiuri ni kizio cha nguvu ya mionzi), na nguvu hiyo hupungua nusu kila miaka 12.3. Kwa hiyo cha miaka 25 kilichofifia bado kina kama kiuri 6. Usikihesabu kuwa kimekufa.

2. Kikivunjika, tokeni. Fungua dirisha la nje ukipita, zima kiyoyozi, funga mlango nyuma yako. Usifagie, na mashine ya kufyonza vumbi usiiguse kabisa.

Mionzi ya tritiamu ni dhaifu, haipenyi ngozi. Gesi yenyewe ukiivuta, karibu yote hutoka tena. Shida ni ile iliyokwisha kuungana na oksijeni ikageuka maji: kwa kiasi kilekile, dozi yake ni kama mara 10,000 ya gesi. Huingia kwa pumzi, kwa mdomo, hata kupitia ngozi, na mwili huyapokea kama maji mengine yoyote. Maji hayo hubaki kwenye vigae vya kioo, meza na mikono hata gesi ikishapeperuka. Ndiyo maana nawasihi msiokote kitu.

3. Mwili. Vua nguo, zifunge kwenye mfuko wa plastiki. Nawa kwa sabuni na maji vuguvugu kabla ya kula au kuvuta sigara. Kunywa maji mengi. Nusu ya tritiamu hutoka mwilini kwa siku 10 hivi, zaidi kwa mkojo, na mkojo huo ndio unaopimwa. Kipimo cha mionzi cha kawaida, kile cha Geiger, kikikaa kimya kisikutulize, maana mionzi hii haiingii ndani yake. Meza na sakafu hupanguswa kwa karatasi maalumu inayopelekwa maabara.

4. Piga ripoti kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Andika namba ya kibao, saa, na kila aliyekuwa chumbani. Wao ndio wa kuamua nani aingie kusafisha.

5. Hata kizima, kisiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wala jaani. Niliwahi kumzuia kijana wa mjengo aliyetaka kuvunja kimoja ili awapelekee wanawe ile mirija inayong'aa. Hakuwa na ubaya wowote, hakuna aliyemwambia. Waambie vijana wako asubuhi kabla ya kazi. Kifunge kisigongwe, kiweke penye kufuli, mwenye jengo apange na Mamlaka kirudishwe kwa mtengenezaji. Jaa la Gioto liko mteremko wa Menengai, juu ya mji. Mvua ikinyesha maji hushuka huku kwetu, na tritiamu iliyogeuka maji haichujiki wala haiondoki kwa kuchemshwa.